Mchuzi Uliomo Ndani: Siku Tuliyoalikwa Din Tai Fung

Tulikabidhiwa kikaratasi chenye namba, na msichana aliyetukabidhi akatueleza kwa adabu kwamba tungesubiri saa moja au zaidi. Ilikuwa Jumamosi, yapata saa tano za asubuhi, katika ghorofa ya chini ya jengo la Taipei 101, mjini Taipei, nchini Taiwan. Mbele yetu palikuwa na umati: wazee waliokalia viti vichache vilivyokuwepo, akina mama wenye vigari vya watoto, vijana wenye mabegi mgongoni, na wote wamekaza macho kwenye kioo kinachoonesha namba. Hakuna aliyenung'unika. Sisi tuliozoea foleni za maji na za hospitali hatukuwa tumepata kuona watu wazima wenye uwezo wao wakisimama saa nzima kwa ajili ya chakula cha mchana, na huku milango ya mikahawa mingine ikiwa wazi pande zote.

Tulikuwa wanne. Sisi wazazi wawili tuliotoka Tanga. Binti yetu, aliye katika mwaka wa pili wa masomo yake mjini humo. Na mama mwenye nyumba anamopanga chumba, mjane wa umri wa miaka sabini na ushei, mwenye nywele fupi nyeupe na mwendo wa haraka kuliko wetu. Binti yetu humwita Ayi. Hilo si jina lake, bali ni neno ambalo kijana wa Kichina humwitia mwanamke wa rika la mama yake, kama sisi tusemavyo shangazi au mama mdogo. Ayi ndiye aliyetualika. Tangu alipopata habari kwamba wazazi wa mpangaji wake wanakuja kutoka Afrika, aliapa kwamba hatutaondoka Taipei bila ya yeye kutulisha mahali ambapo kila mwenyeji wa mji ule huona fahari kumpeleka mgeni, nako ni Din Tai Fung.

Nasi tuliukubali mwaliko mara moja, kabla ya kuuliza kinachopikwa. Tunalikiri jambo hili mwanzoni kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nalo.

Tulichokijua kuhusu mkahawa huo ni kile alichotuandikia binti yetu: kwamba unasifika kwa vifuko vidogo vya unga vinavyoivishwa kwa mvuke, na kwamba ndani ya kila kifuko mna nyama na mchuzi wa moto. Wachina huviita xiaolongbao. Yeye alikwisha kuvipa jina la kwetu, sambusa za mchuzi. Kuhusu uhalali wake alitutuliza: viko vya nyama, viko vya kamba wa baharini, viko vya mboga, nasi tungekula vya kamba. Tukaridhika. Mtu aliyesafiri usiku na mchana kumwona mwanawe huridhika upesi.

Foleni ndefu ina faida zake, kwani Ayi alipata nafasi ya kutusimulia habari za mwenye mkahawa, naye binti yetu akatafsiri. Yang Bing-yi alizaliwa mwaka 1927 katika jimbo la Shanxi, Uchina bara, akavuka bahari mwaka 1948 akiwa kijana asiye na kitu. Alipata kazi katika duka la mafuta ya kupikia, na mwaka 1958 yeye na mkewe wakaanza biashara yao wenyewe ya mafuta hayo. Kisha yakaja mafuta ya viwandani yaliyofungwa katika mikebe, na wateja wa kupimiwa wakapungua, jambo ambalo muuza mafuta yeyote wa sokoni kwetu atalielewa bila ya kuelezwa. Mwaka 1972 wakaligawa duka: upande mmoja mafuta, upande wa pili xiaolongbao. Upande wa pili ndio ulioumeza wa kwanza. Mwaka 1993 gazeti la New York Times liliutaja mkahawa huo miongoni mwa 10 bora duniani, mwaka 1996 likafunguliwa tawi la kwanza la ng'ambo mjini Tokyo, na mwaka 2010 tawi la Hong Kong likapewa nyota ya Michelin. Mzee Yang alifariki mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 96.

Lakini chakula chenyewe si cha Taiwan kwa asili. Inasemekana kilianzia Nanxiang, karibu na Shanghai, katika karne ya 19, na kilivuka bahari pamoja na watu. Mwaka 1949, Wakomunisti walipoitwaa Uchina bara, serikali ya Kuomintang ilihamia Taiwan na kuandamana na watu wanaokadiriwa kuzidi milioni moja. Baba yake Ayi alikuwa miongoni mwao, askari kutoka viunga vya Shanghai. Alidhani atakaa mwaka mmoja au miwili. Hakuiona tena nyumba ya wazazi wake mpaka ruhusa ya kwenda bara ilipotolewa mwaka 1987, na alipofika hakukuta mtu aliyemjua. Katika miaka yote hiyo, alituambia Ayi, baba yake alikuwa akinunua xiaolongbao kila alipopokea mshahara, akila kimya kimya, na watoto walifahamu kwamba saa hiyo hasemeshwi.

Tuliposikia hayo tulielewa kwamba hatukualikwa kula tu. Tulikuwa tukioneshwa baba wa mtu.

Namba yetu ilipokaribia, Ayi alitushika mikono na kutupeleka kwenye ukuta wa kioo. Nyuma ya kioo hicho ndimo jikoni, na yeyote apitaye huona kila kinachofanyika humo. Wapishi, vijana kwa wingi wao, walivaa nguo nyeupe, kofia nyeupe na barakoa, wamesimama kuizunguka meza kama mafundi wa saa. Mmoja akata kidonge cha unga na kukiweka kwenye mizani. Mwingine akisukuma kwa kifimbo chembamba hata kitandike kuwa duara, katikati kinene kidogo na kingo laini kama karatasi. Wa tatu aweka kijazo na kuanza kukunja. Kifuko kizima kina uzito wa gramu 21: gramu 5 za unga na gramu 16 za kijazo. Nacho hufungwa kwa marinda 18. Tuliyahesabu, tukapotea, tukahesabu tena. Vidole vya kijana yule vilikwenda kama vya mama zetu wanaofunga sambusa usiku wa kuamkia Ramadhani, isipokuwa mama zetu hawana mizani, na manda zao si nyembamba kiasi kile. Mmoja wetu, aliyelelewa katika nyumba ya sambusa, alisimama pale bila ya kupepesa macho na kusema kwamba angelipa nauli nyingine kwa ajili ya kutazama tu.

Tukauliza swali ambalo kila mgeni huuliza: mchuzi huingiaje ndani ya unga bila ya kuuloanisha?

Ayi alifurahi, kwa maana alikuwa akilingoja. Akaeleza kwa mikono yote miwili. Binti yetu akatafsiri: mchuzi hautiwi ukiwa mchuzi, hutiwa ukiwa umeganda. Wanachukua ngozi, wanaichemsha kwa saa nyingi mpaka itoe ute wake wote, wanauchuja, wanauacha upoe na kuganda, kisha wanaukatakata na kuuchanganya na nyama. Kifuko kikiingia kwenye mvuke, ule mgando huyeyuka na kurudi kuwa mchuzi. Ni kama supu ya makongoro iliyolala usiku, ambayo asubuhi hutikisika sufuriani.

“Ngozi ya nini?” tuliuliza.

Binti yetu alikaa kimya kwa muda mdogo. “Ya nguruwe,” akasema, “lakini hiyo ni ya vile vya nyama.”

Hatukuwa na cha kushangaa. Katika mapishi ya Kichina, nyama isiyotajwa jina huwa ni ya nguruwe, na haramu yake imetajwa waziwazi katika Suratul Baqara na katika Suratul Maida. Wala hapa hapakuwa na mlango wa ule mjadala mrefu wa wanazuoni kuhusu kitu kilichobadilika umbile, unaofanywa juu ya jelatini za viwandani. Huu ulikuwa mchuzi wa nguruwe uliopoa, basi. Tukamwambia binti yetu amfahamishe Ayi kwa upole kwamba sisi hatuli nguruwe, wala mchuzi wake, wala kilichochanganywa nacho kwa kiasi chochote, na kwamba tunamwomba radhi kwa kutomwambia mapema. Maneno yetu yalikuwa marefu. Yalipotoka kinywani mwa binti yetu yalikuwa mafupi mno, na Ayi akaitikia kwa kichwa na kutabasamu kama mtu aliyeambiwa jambo asilolihitaji.

Tuliketi. Chai ikaletwa, ya moto, isiyo na sukari. Ayi alikuwa amekwisha kuweka alama kwenye karatasi ya kuagizia tulipokuwa nje: xiaolongbao vya kawaida kwa ajili yake, na kwa ajili yetu shaomai za kamba, ambazo ni vifuko vilivyoachwa wazi juu na kamba mmoja mwekundu akichungulia kama ua. Mhudumu, msichana aliyejua Kiingereza vizuri, aliitazama karatasi, akautazama mtandio wa mama na wa binti, akauliza kama kuna chakula tusichokula. Tukamjibu wenyewe: sisi ni Waislamu, hatuli nguruwe. Akaweka kidole juu ya alama ya shaomai, akatikisa kichwa. Kamba yuko juu, alisema, lakini chini yake ni nyama ya nguruwe. Akaongeza, bila ya kuulizwa, kwamba vya mboga havina nyama, ila jiko ni moja.

Tunamshukuru msichana yule mpaka leo. Alikuwa na wateja wanaosubiri nje kwa mamia, na ingalikuwa rahisi kwake kunyamaza.

Tulipomgeukia binti yetu tulimkuta ametazama kikombe chake. Uso ulikuwa umemshuka, na hatukujua bado ni kwa nini.

Aliyekuwa na taabu zaidi wakati ule ni Ayi. Alielewa ghafla, na mashavu yakamwiva. Alitaka tuinuke sote tuondoke. Alisema maneno mengi ambayo hayakutafsiriwa, lakini aibu ya mwenye nyumba aliyemwekea mgeni kitu kisichofaa haihitaji mkalimani. Ni ileile ya bibi zetu. Ndipo tulipolazimika kuamua. Kuinuka kungemaanisha kumwadhibu kwa wema wake. Kula vya mboga kwa ajili ya kumfurahisha, ilhali hatujui vimepikiwa chombo gani na vimetiwa nini (na wapishi wa Kichina hupenda kutia pombe ya mchele hata katika mboga), hatukukutaka. Kileo hakikuwepo mezani, na lau kingekuwepo tusingalikaa. Basi tulimwambia, na safari hii mmoja wetu alisema kwa Kiingereza chepesi na kwa mkono kifuani, kwamba tumekuja kukaa naye, na kwamba baba yake anastahiki mwanawe ale leo. Sisi tutakunywa chai na kumtazama.

Aliagiza kikapu kimoja. Kikaja, cha mianzi, kikifuka moshi, na vifuko 10 vimekaa ndani yake juu ya kitambaa vikiwa na marinda yao, laini hata nuru ilikuwa ikipenya. Tukaoneshwa namna ya kuvila, nasi tunaieleza hapa kwa kuwa vipo vya halali duniani na msomaji huenda akavikuta. Hushikwi kwa nguvu, kikichanika mchuzi umepotea. Huinuliwa taratibu kwa vijiti kutoka juu, penye fundo la marinda. Huchovywa katika siki yenye tangawizi mbichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Huwekwa kwenye kijiko. Hutobolewa tundu dogo kando. Hunywewa mchuzi kwanza, na kilichobaki huliwa kwa mara moja. Atakayekitia kinywani kizima ataungua ulimi, na Ayi alituonesha kwa vitendo jinsi watalii wanavyoungua, mpaka tukacheka sote. Alikula vitano. Vilivyobaki alifungiwa. Hatujui kama karamu ile alihesabu kuwa imefana au imeharibika. Alipolipa, alikuwa akifuta macho, lakini mvuke ulikuwa mwingi.

Usiku ule, chumbani, binti yetu alituambia. Alikuwa amekwisha kula shaomai za kamba, mara tatu, pamoja na wanafunzi wenzake. Mara ya kwanza hakujua chochote. Mara ya pili hakufikiri. Mara ya tatu, alisema, alikuwa na shaka, kwa sababu ladha ya chini haikuwa ya kamba, na hakuuliza.

“Kwa nini hukuuliza?”

Alichelewa kujibu. Alisema kwamba kila wanapokwenda kula, yeye ndiye wanayemngoja. Wote wamekwisha kuchagua, yeye bado anauliza. Anaitwa mpishi, anarudi, anakwenda tena. Wenzake ni wema, hawasemi kitu, lakini wananyamaza, na katika ukimya ule yeye huona kwamba amewapotezea raha. “Nilichoka kuwa mtu wa kungojewa,” alisema.

Tulikuwa tumejiandaa kwa hotuba. Wazazi wa Kiislamu tunayo hotuba hiyo moyoni, imehifadhiwa vizuri, na huanza kwa neno “sisi tulivyokulea”. Haikutoka. Ingetokaje? Sisi wenyewe, watu wazima, tuliokwisha kuhiji, tulialikwa na mwanamke mmoja mwema na hatukuweza kumuuliza swali la maneno matatu. Tulimwachia msichana wa miaka ishirini na moja kazi ya kusema yale tuliyoona haya kuyasema, kwa lugha isiyo yake, mbele ya mtu anayemlipa kodi. Hata kuyafupisha maneno yetu pale kwenye kioo hatukuweza kumlaumu.

Tulimweleza alichotaka kusikia na anachostahiki kusikia: kwamba aliyekula haramu kwa kutojua hana dhambi, kwamba hakuna kafara wala kulipa, na kuhusu ile mara ya tatu, mlango wa toba haujafungwa na wala hauna foleni. Tulimkumbusha ile hadithi mashuhuri ya Nuuman bin Bashir kuhusu mambo yenye kutatiza yaliyo baina ya halali na haramu. Kisha tukakaa mpaka usiku mwingi tukifanya kazi ambayo tungepaswa kuifanya kabla hajapanda ndege. Tulitunga sentensi. Moja ya Kichina, fupi, ya kusemwa mwanzo kabla ya kuketi, wala si baada ya kila mtu kuchagua. Ya pili ya kuandika kwenye simu na kumwonesha mpishi, ikitaja nyama ya nguruwe, mafuta yake, mchuzi wake na pombe ya kupikia, kila kimoja kwa jina. Kwa maana tuligundua kwamba mtu akiambiwa “sili nguruwe” hufikiria kipande cha nyama. Hafikirii mchuzi, wala mafuta yaliyokaangia wali.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda kuswali katika Msikiti Mkuu wa Taipei, mkabala na bustani ya Daan, vituo vichache tu kwa treni kutoka Taipei 101. Ni jengo zuri lenye kuba na minara miwili, lililofunguliwa mwaka 1960 na kuchorwa na Yang Cho-cheng, yuleyule aliyechora jumba la kumbukumbu la Chiang Kai-shek. Miongoni mwa walioupigania alikuwamo jenerali Bai Chongxi, Mwislamu, aliyekuwa kamanda mkubwa katika jeshi la Kuomintang. Waislamu wa Kichina wanaokadiriwa kufikia 20,000 walivuka bahari katika ule uhamaji wa 1949. Tulipokuwa tukitafuta viatu vyetu baada ya swala ilitujia kwamba msikiti huu na vile vifuko vya mchuzi vilifika na mawimbi ya watu walewale, na labda katika meli zilezile. Siku hizi safu nyingi hujazwa na Waindonesia, ambao wako Taiwan kwa zaidi ya laki mbili wakifanya kazi viwandani, katika boti za uvuvi na majumbani kwa wazee. Nje palikuwa na soko dogo la Ijumaa. Binti yetu alinunua tempe na kuku, akasalimiana na akina dada watatu kwa majina. Tulifarijika kuona kwamba ana watu.

Ayi tulimwalika sisi safari hii, katika mtaa wa Yanji, ambako uko mkahawa wa siku nyingi wa nyama ya ng'ombe wenye maandishi mawili ya Kichina mlangoni, qing na zhen, yaani safi na kweli, ambayo ndiyo alama ya chakula halali kwa Wachina. Ayi aliyatambua mara moja. Alisema ameyaona tangu utotoni, kwenye milango ya wauza nyama ya ng'ombe waliotoka kaskazini ya bara. Hakuwahi kufikiri kwamba yanahusiana kwa namna yoyote na msichana aliyepanga chumba chake cha juu, aliyetoka Afrika. Alikula tambi katika mchuzi wa nyama ya ng'ombe mpaka bakuli likawa tupu, akamwita mpishi, akamuuliza maswali mengi. Binti yetu aliyatafsiri baadhi: je, sufuria iliyopikiwa nguruwe ikioshwa inafaa? Je, ukinunua kuku, ununue wapi?

Wakati wa kurejea tulipitia Dubai, kama wasafiri wengi wa kwetu, na huko tulijua kwamba limo tawi la mkahawa uleule, katika moja ya maduka makubwa ya mji, lisilotumia nguruwe kabisa. Tulikwenda kwa makusudi. Palikuwa na ukuta wa kioo, na vijana waliovaa nyeupe, na kikapu cha mianzi. Ndani yake kuku. Tulisema Bismillah. Mmoja wetu aliungua ulimi pamoja na mafunzo yote aliyopewa.

Ni chakula kizuri. Unga ni mwembamba kiasi cha kusahaulika, mchuzi ni mzito na mtamu wa nyama, na siki na tangawizi huukata utamu huo panapostahili. Kama kina thamani ya saa nzima ya kusimama, hatuna hakika. Kwa fedha tulizolipa, familia ya watu sita hula pilau na kachumbari hapa Tanga na jirani akapelekewa sahani. Lakini tulivyokuwa tukila tulikuwa tukimfikiria askari yule aliyekula kimya kimya siku ya mshahara, na tukamwona amefahamika zaidi. Tulipiga picha ya kikapu kitupu, tukamtumia binti yetu.

Jibu lilikuja usiku. Ayi ameiona picha, aliandika, naye anataka kujua jambo moja: kama hamna nguruwe ndani, mchuzi umegandishwa kwa nini? Maana amenunua kuku kwa muuzaji aliyeoneshwa msikitini, na sufuria mpya, na anataka kujaribu.

Hatukuwa na hakika wenzetu wa Dubai hufanyaje, hivyo tulijaribu kwanza nyumbani kabla ya kumjibu. Tulichemsha makongoro mawili ya ng'ombe kwa moto mdogo tangu baada ya Adhuhuri mpaka Magharibi, kwa tangawizi na vitunguu vya majani, tukachuja kwa kitambaa na kuacha mchuzi ulale ndani ya friji. Asubuhi ulikuwa umeshikamana, unakatika kwa kisu. Tuliukata vipande vidogo kama punje za mahindi na kuuchanganya na kima ya kuku, chumvi, pilipili manga na mafuta kidogo ya ufuta; kwa sehemu mbili za kima, sehemu moja ya mgando. Unga tuliukanda kwa maji ya uvuguvugu, tukauacha upumzike nusu saa, tukasukuma manda ndogo za ukubwa wa kiganja cha mtoto. Mchanganyiko usiachwe nje ukapata joto, maana ukianza kuyeyuka hakuna kitakachofungika. Tuliviweka katika chombo cha kuivishia kwa mvuke, juu ya vipande vya jani la mgomba, kwa dakika 8.

Marinda yetu hayakufika 18. Yaliyokuwa mengi yalifika 11, na mkunjaji wetu mkuu, mwenye miaka arobaini ya sambusa mikononi, alikasirika kwelikweli. Kati ya vifuko 24, vilipasuka 9. Wajukuu walikunywa mchuzi uliomwagika kwa kijiko na kusema vilivyopasuka ndivyo vizuri. Tulimwandikia Ayi kwamba ni makongoro, na kwamba miguu ya kuku pia itafaa akiichemsha vya kutosha, na tukamtumia picha ya vile 15 vilivyosalimika.